Mfarishi wa Nywele za Kondoo

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana nisipolisema mimi watalisema watu wa stesheni, na wao hulisema vibaya. Mtoto wangu wa kwanza nilimshonea mfarishi kwa mikono yangu, nikaujaza nilichokiita sufu, na mfarishi huo nusura utupeleke mimi na yeye kwenye vibanda vya ndui. Sasa mtoto anatembea, anavunja vyungu, ana mashavu kama maandazi. Mimi hasira haijaniisha.

Mume wangu ni karani wa stesheni. Reli ya Mdachi ilipofika Dodoma, makarani walijengewa vyumba vya matofali vyenye paa la mabati, vyote kwenye mstari mmoja, kama mabehewa yaliyoachwa bila injini. Watu walituonea wivu. Laiti wangekuja kukaa humo siku moja. Saa nane mchana maziwa hukatika yakiwa bado ndani ya kibuyu. Alfajiri ya kipupwe, upepo wa huku kwetu ukishaanza kazi yake, bati hilohilo hukuangushia baridi kichwani mpaka meno yanagongana. Mama mkwe wangu anakaa kwenye tembe kule Nzuguni. Paa lake la udongo halimchomi mchana wala halimgandishi alfajiri, na wajukuu wake wengine hulala humo wamefunikwa kipande cha ngozi, basi. Sisi wa mabati tulikuwa tunaishi nchi mbili katika siku moja.

Kwa hiyo nilitaka mfarishi. Kwa asiyeujua, ni nguo mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine, katikati pana kitu laini, halafu vyote vitatu vinashonwa pamoja kwa mishono mingi ili kilichomo ndani kisikimbie. Juu nilikuwa na vipande vya kanga na kaniki nilivyoviunga, chini nilikuwa na amerikani, kile kitambaa cheupe cha pamba. Nguo ilitosha mfarishi mmoja tu. Huo mmoja ilibidi umfae mtoto wa miezi minne alfajiri na mchana, umpe joto bila kumchemsha. Swali lote lilikuwa kijazo: niweke nini katikati?

Hapo ndipo shule yangu iliponiponza. Nililelewa misheni tangu nina miaka sita, nikasoma hadi darasa la juu kabisa, lile la kuandaa walimu, ambamo wasichana tulikuwa watatu. Bibi Mwalimu wetu, Mzungu, alitufundisha kushona, na kila alichosema tulikiandika kwenye daftari. Daftari langu ninalo mpaka leo. Kuhusu mifarishi limeandikwa, kwa mwandiko wangu mzuri wa wakati ule, kwamba katika nchi za joto kijazo kilicho bora kwa mtoto mchanga ni sufu ya kondoo, kwa kuwa ni nyepesi, inapitisha hewa, na haikai na jasho. Pamba hushika maji na kujikusanya mafundo. Manyoya ya ndege yana joto mno. Nilipigia mstari sufu ya kondoo, mara mbili.

Vitu vingine vilikuwepo. Kwa Mhindi wa karibu na stesheni palikuwa na magunia ya sufi, ile inayotoka kwenye mti wa msufi, iliyoletwa na gari la moshi kutoka pwani. Nilikwenda nikatia mkono. Laini, siwezi kukana, lakini ilipanda hewani ikatuingia puani mimi na mtoto, akapiga chafya mpaka akalia. Tena godoro la sufi nilishalilalia misheni, najua linavyokuchemsha mgongo. Sufi nikaiacha. Pamba alikuwa nayo jirani yangu, mwanamke wa Kondoa, mke wa mfanyabiashara wa samli. Mama yake alikuwa anailima huko milimani, na yeye alikuwa na kapu zima la pamba yenye mbegu zake. Aliniambia nichukue nitakayo, tuichambue pamoja. Nilimjibu kwamba pamba hushika maji na kujikusanya mafundo. Nilimjibu hivyo, maneno yaleyale ya daftari, kwa mtu ambaye amelala juu ya pamba maisha yake yote. Alinitazama tu, akasema haya.

Nikamtumia mama mkwe ujumbe aniletee manyoya ya kondoo. Alikuja mwenyewe kutoka Nzuguni na kapu kichwani. Alikuwa amewanyoa kondoo watano kwa kisu, na aliniambia kondoo hao sasa wamekuwa na aibu, hawataki kutoka zizini. Tukacheka. Halafu nikatazama ndani ya kapu.

Nataka niwe mkweli hapa. Kondoo nimewaona kila siku ya maisha yangu. Najua wa kwetu ana mkia wa mafuta na mwili wa nywele fupi, ngumu, za kulala, kama za mbuzi. Sufu nayo nilishaishika: Bibi Mwalimu alikuwa na donge la uzi wa sufu wa kufumia soksi, laini kama masikio ya sungura. Vitu vyote viwili nilivijua kwa mkono wangu. Lakini daftari lilisema kondoo, na kapuni mlikuwa na kitu kilichotoka kwa kondoo, basi kichwa changu kikafunga mlango. Nilijiambia kwamba haijawa laini kwa sababu haijaoshwa. Nikaiosha kwa maji ya majivu. Nikajiambia haijawa laini kwa sababu haijachambuliwa. Nikaichambua kwa vidole siku mbili, na badala ya kushikana kama daftari lilivyoahidi, kila unywele ulikwenda njia yake. Nikajilaumu kwamba mikono yangu imeharibika kwa kusonga ugali.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akinitazama. Yeye na mimi husema Kigogo, na katika Kigogo hana maneno mengi. Nilipomaliza kushona aliuchukua mfarishi, akaukandamiza kwa kiganja, akasema, "Unachoma."

Nikamwambia utalainika. Akauliza kama wazungu huwalaza watoto wao juu ya kitu hiki. Nikasema ndiyo, Mama, na wanakua wakubwa. Akasema ndiyo maana wana hasira. Akarudi kwake.

Baadaye sana, mambo yalipokwisha, nilimwandikia Bibi Mwalimu barua nikamweleza kondoo wa huku wakoje. Alinijibu kwa upole, na aliomba radhi. Aliandika kwamba miaka yote aliyokaa Ugogo hakuwahi kumtazama kondoo wetu kwa karibu isipokuwa kwenye sahani. Nilikaa na barua hiyo mkononi nikitafuta wa kumpigia kelele, nikamkosa, maana wa kupigiwa kelele zaidi nilikuwa mimi.

Siku nne mtoto alilala juu ya mfarishi ule. Siku ya kwanza alilia nikadhani ni tumbo. Siku ya pili alijinyonganyonga kama funza nikadhani ni meno, mtoto wa miezi minne. Siku ya nne asubuhi nilimvua nguo nimwogeshe, nikaona mgongo. Ulikuwa umejaa vipele vyekundu, vidogo, vimesongamana kama mtama uliomwagika. Vilikuwa vimeshuka hadi nyuma ya mapaja, na vingine vilikuwa kwenye shavu moja.

Ni lazima niseme vipele vilikuwa na maana gani mwaka ule. Ndui ilikuwa imepita upande wa Makutupora na watu walikuwa wamekufa. Amri ilikuwa imetoka bomani: mwenye vipele aonyeshwe kwa msaidizi wa daktari, na akiwa na ndui apelekwe kwenye vibanda vya porini, ng'ambo ya Kizota, akae huko mpaka magaga ya vidonda yaanguke. Mtoto anyonyaye hupelekwa na mama yake. Amri haikuwa mbaya, naielewa, nimesoma. Lakini kibanda kilikuwa kimoja kwa wanawake wote. Ukiingia na ndui ulikuwa nayo. Ukiingia bila ndui, uliipata humohumo. Na mwanangu alikuwa bado hajachanjwa kwa sababu ya udogo wake.

Mume wangu alikuwa ameshatumwa Kilimatinde kwa kazi ya reli. Nilimbeba mtoto nikaenda kisimani na ndoo, maana hata siku ya namna hiyo maji hayajiteki yenyewe. Nilikuwa nimemfunika vizuri, ila shavu lilionekana. Jirani yangu wa Kondoa alikuwa wa kwanza kuliona. Alirudi nyuma hatua mbili.  Wengine walipomwona anarudi nyuma wakatazama alikotazama, na kila mmoja akavuta ndoo yake. Sikuwahi kujua kwamba ndoo zinaweza kukusema. Mmoja akasema polepole kwamba msaidizi wa daktari atakuja mchana, bora nisijifiche. Nikamjibu kwamba sijifichi, niko kisimani mbele ya macho yake, au naye anaumwa macho? Nikateka maji yangu nikaondoka. Nilipofika ndani nikakaa kwenye sakafu na ndoo pembeni yangu.

Habari zilifika Nzuguni kabla jua halijawa kali, sijui kwa njia gani. Mama mkwe aliingia bila kubisha hodi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Uso wake umejaa makovu ya ndui ya utotoni. Kwa hiyo hakuwa na cha kuogopa, na nadhani ndiyo maana yeye peke yake ndiye aliyevuka kizingiti siku ile. Nilimwamkia. Alipokea huku ameshanyoosha mikono kwa mtoto.

Nilidhani anataka kumkimbiza akamfiche kwenye tembe lake. Na nitasema ukweli mwingine: nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshafunga nguo zake kwenye kitambaa. Mimi, mwanafunzi wa darasa la juu, niliyewahi kuwasomea wanawake wa stesheni amri ileile ya boma kwa sauti na kuwaeleza faida zake, nilikuwa tayari kumficha mtoto. Nikamwambia, "Mchukue, Mama. Nenda naye sasa hivi."

Hakuondoka. Alikaa mlangoni penye mwanga, akamvua mtoto nguo zote, akamgeuza kama mtu anayekagua chungu kabla ya kukichukua. Akatazama paji la uso. Akafungua viganja kimoja kimoja, na vidole. Akatazama nyayo. Akaweka mdomo wake kwenye kichwa cha mtoto kuhisi joto. Kisha akauliza mtoto hulalia shavu lipi.

Nikamwonyesha. Lilikuwa ndilo lile lenye vipele.

"Ndui huanzia usoni," akasema. "Huja na homa ya kukupasua kichwa. Mimi naijua, nimelala nayo. Hii gani inayochagua shavu la kulalia?"

Akanishika mkono wangu wa kushoto akaugeuza. Upande wa ndani, kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kifundo, nilikuwa na vipele vilevile. Nilikuwa nimevikuna siku tatu bila kuvitazama. Ni mkono ninaoutandikia mfarishi wakati wa kunyonyesha.

"Na wewe una ndui?" akauliza.

 Alimlaza mtoto kifudifudi mapajani mwake, akainamia mgongo, na kwa kucha mbili akavuta kitu. Akakiweka juu ya kiganja changu. Unywele wa kondoo, mfupi, wa kahawia, mgumu kama mwiba wa samaki. Kisha akavuta mwingine. Nikauchukua mfarishi nikaupitisha shavuni mwangu, upande wa amerikani. Amerikani ni nguo yenye matundu, kila mtu anajua. Nywele zilikuwa zimetokeza kote, mamia na mamia, zimesimama kama mabua baada ya mavuno. Mwanangu alikuwa analazwa juu ya brashi, kwenye joto la mabati, anatokwa jasho, na jasho linaingia kwenye kila tundu lililochomwa.

Nilianza kucheka na kulia pamoja, na katikati nikamtukana kondoo, nikamtukana Bibi Mwalimu, nikalitukana daftari. Mama mkwe alisubiri nimalize. Halafu akasema nisimtukane kondoo, yeye hakuomba kunyolewa.

Msaidizi wa daktari alifika saa tisa. Alikuwa mtu wa Bagamoyo, mrefu, mwenye Kiswahili cha kunyoosha, na alisimama nje ya mlango kama alivyoamriwa. Watu walikuwa wamejipanga mbali, wanatazama. Nilimtolea mtoto, nikamtolea na mfarishi. Nilimweleza yote, hata sehemu ya daftari, maana nilijua nikificha kimoja hataamini vingine. Alitazama paji la uso, viganja, nyayo, kwa utaratibu uleule wa mama mkwe. Kisha akaweka kiganja chake kwenye mfarishi akakiondoa upesi.

"Bibi, hiki ni kitanda cha mtoto au ni adhabu?" akauliza.

Hata hivyo hakutuachia. Alisema anaona kama ninavyoona, lakini yeye ana amri, na mtu mmoja akikosea kwa huruma mji mzima utazika. Tukae ndani siku tatu. Mtoto asilalie kitu kile. Akija siku ya tatu akakuta vipele vinakauka na homa hakuna, basi. Akikuta kimoja kimejaa maji, tutakwenda Kizota. Nilimkasirikia wakati ule. Sasa simkasirikii.

Siku tatu zile mama mkwe hakurudi kwake. Mtoto tulimlaza juu ya kanga kuukuu mchana, na alfajiri alilala kifuani mwa bibi yake ndani ya ngozi iliyolainishwa kwa samli, ileile ambayo mimi nilikuwa nimeikataa kwa sababu ya harufu. Alinuka samli, na alilala. Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa. Kila nilipomgeuza nilihesabu vipele. Nilitafuta maji ndani yake mpaka nikaanza kuyaona yasipokuwepo.

Siku ya kwanza ya kufungiwa, jioni, tulisikia mtu ameweka kitu nje. Nilipofungua nilikuta lile kapu la pamba juu ya jiwe la mlango, na mwanamke wa Kondoa amesimama mbali. Alisema kwa sauti kwamba amesikia habari za kondoo. Akasema tena kwamba alirudi nyuma pale kisimani kwa sababu ana watoto watatu. Nikamwambia hata mimi ningerudi. Nilisema kweli, ingawa meno yalikuwa yameumana.

Basi nikashika pamba. Nilifumua mfarishi mshono kwa mshono, nikaenda uani nikakung'uta nywele zote, nikaichoma ile amerikani maana isingepona. Badala yake nilikata kanga yangu ya harusi, iliyo laini kwa kufuliwa. Mama mkwe alichambua mbegu, mimi nikaipigapiga pamba kwa vijiti viwili mpaka ikafunguka. Daftari lilikuwa limesema pamba hujikusanya mafundo, na hilo ni kweli ukiiweka nyingi na kuiachanisha mistari ya mishono. Mwanamke wa Kondoa, kutoka kulekule mbali alikosimama, alituelekeza: tandaza tabaka moja tu, jembamba kiasi kwamba ukiliinua uone mwanga upande wa pili, na mistari ya mishono isiachane zaidi ya vidole vitatu. Ukishona hivyo pamba haina pa kwenda. Na kuhusu maji alisema kwa huku kwetu si hoja, ufue asubuhi uanike, saa sita umekauka hadi ndani. Akaniuliza, huko kwa wazungu wako jua linatoka lini? Nikasema sijui. Sijawahi kufika.

Mfarishi ulitoka mwembamba, hata mama mkwe aliuliza kama nimesahau kuweka kitu. Nilimwomba auweke shavuni. Aliuacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Siku ya tatu msaidizi wa daktari alikuja mapema. Alimgeuza mtoto juani, mgongo, mapaja, shavu. Vipele vilikuwa vimebaki alama kavu za waridi, vingine vimekwisha kabisa. Hakuna hata kimoja kilichojaa maji. Homa haikuwepo. Alinirudishia mtoto akaniambia akitimiza miezi sita nimpeleke achanjwe, nisingoje kuitwa. Halafu akawageukia wale waliojipanga mbali akasema kwa sauti yake ya pwani, "Hapa hapana ndui. Nendeni mkapike."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuwaambia wanawake wa kisimani. Siku tatu nilikuwa nayanoa, na yalikuwa makali. Nilimbeba mtoto bila nguo nikaenda moja kwa moja mpaka pale, nikasimama katikati yao.  Nikamgeuza mtoto tu wauone mgongo.

Mwanamke wa Kondoa alitua ndoo yake, akapangusa mikono kwenye kanga, akaja akamchukua. Alimweka begani, akampigapiga. Baadaye yule mwingine, aliyesema nisijifiche, akaomba naye. Mtoto akaenda kutoka bega hadi bega, uchi, anashangaa, anavuta shanga za watu. Mimi nikakaa kwenye ukingo wa kisima. Tangu asubuhi ile ya vipele nilikuwa sijawahi kukaa bila kushika kitu, na sasa mikono yangu ilikuwa mitupu, nami nikaiacha mapajani hivyohivyo.